Akidi

Kitabu kina jalada la kijani na harufu ya mafuta taa.
Kilifungiwa kabatini, ukumbi wa reli, Kisumu,
pamoja na sinia za chai na picha ya garimoshi.
Mimi ndiye katibu. Nilikabidhiwa ufunguo na onyo:
panya wameshakula mwaka wa hamsini na tatu.

Kurasa za mwanzo ni Kiingereza cha wino wa buluu.
Bi. Hathersage anaripoti: kinanda kimeshuka stesheni,
kimelowa mguu mmoja, kinakohoa kwenye fa.
Wanachama kumi na mmoja. Ada, shilingi tano.
Na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama deni:
mpanga viti, mmoja, alipwe senti hamsini.

Mpanga viti alikuwa na jina.
Nikanor Oguda wa Nyahera, aliyefundishwa solfa misheni,
alisimama nyuma ya pazia miaka kumi na minne
akisikia kinanda kikishuka sauti kila masika
kama mtu anayezama huku akiongea.
Usiku mmoja alileta spana ya karakana
akakipandisha, uzi kwa uzi, hadi majogoo.
Kitabu kinasema tu:
kinanda, kwa namna isiyoelezeka, ni kizima.

Bi. Hathersage akaondoka na paka wake watatu.
Caetano Lobo, karani wa mizigo, akashika kalamu,
na chini ya Waliohudhuria akaandika: N. Oguda.
Nimelipapasa jina hilo kwa kidole.
Alibonyeza hadi likatokea upande wa pili.

Machi moja usubi wa ziwa uliingia dirishani
ukatua juu ya mistari ya sello.
Daktari Vyas, ambaye macho yalikuwa yanamwaga,
aliupiga wote, mdudu kwa mdudu.
Ukumbi ukasimama kushangilia.
Lobo: kazi mpya, mtunzi hajulikani.

Mwaka wa sabini na tisa tukahamia Kiswahili.
Kikao kizima kilipotea kutafuta maneno ya mwendo.
Oguda, mzee sasa, mwenyekiti, akatoa yake:
huu wa haraka ni wa mtu aliyeachwa na basi,
huu wa pole ni wa mdeni akipita dukani.
Likapitishwa. Hakuna aliyepinga.
Nyuzi za Ulaya zilipoadimika
tulinunua Kibuye mshipi wa kuvulia mbuta.
Sello ililia kama mbuzi wa arusi,
lakini ililia panapotakiwa.

Kisha Januari ya elfu mbili na nane.
Ukurasa mzima una sentensi moja, mwandiko wangu:
akidi haikutimia.

Sikuandika kwamba Nyaguthii, fidla ya pili,
alipandishwa lori la kwenda Nakuru
fidla ikiwa ndani ya blanketi, mtoto akiwa nje yake.
Aliniachia karatasi zake za noti.
Shika, alisema, msije mkasahau mahali pangu pa kuingilia.

Watu hudhani fidla ya pili inajaza nafasi tu.
Iondoe uone.
Aprili tulipiga watatu, kiti chake kikiwa wazi.
Kwenye mpigo wa arobaini tukanyamaza tukahesabu,
na feni mbovu ya dari ikapiga sehemu yake.

Katiba yetu inasema akidi ni saba.
Jumamosi tulikuwa watano, na mmoja alifuata chai.

Jana simu iliita kutoka Nakuru, sauti changa:
Mama anazikumbuka noti zote isipokuwa ukurasa wa tatu.
Nikaupiga picha chini ya taa, nikautuma.
Baada ya kitambo akauliza:
hiki cheusi, mstari wa nne, ni noti au ni mdudu?

Nimetazama kwa miwani na bila miwani.
Sijamjibu.
Nimeliweka kwenye ajenda, chini ya Mengineyo.